Alipe Nani Ada ya Mazoezi ya Binti Yangu?

Mshauri mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima. Nimekuwa msomaji wa safu hii kwa muda mrefu bila kuwahi kuandika, kwa sababu sikudhani kwamba jambo la nyumbani kwangu lingefika mahali pa kunikosesha usingizi. Safari hii limefika, na linahusu kitu ambacho wengine huenda wakakiona kidogo, nacho ni ada ya mazoezi ya mtoto.

Mimi na mume wangu tumejaliwa watoto wawili, wa kiume mwenye miaka 18 na wa kike mwenye miaka 15. Miezi minne iliyopita binti yetu alituomba tumwandikishe kwenye ukumbi wa mazoezi ambao rafiki zake wawili wa shuleni huenda. Alikuja amejiandaa. Alikuwa ameandika kwenye karatasi siku atakazokwenda, saa atakayorudi na kiasi cha ada ya mwezi, na chini kabisa, kwa herufi kubwa, ahadi kwamba masomo hayatayumba. Baba yake aliisoma karatasi ile yote, akaikunja, akamrudishia, akasema, "Kukimbia hakuna kiingilio, mwanangu." Binti aliinuka akaenda chumbani kwake, na tangu jioni ile mazungumzo yao wawili yamekuwa ya salamu na maagizo tu.

Napenda nimtendee haki mume wangu. Si mchoyo, na anawapenda watoto wake. Amekulia katika nyumba ambayo hakuna aliyewahi kumlipia mchezo wowote, naye anaamini kwamba mwili hujengwa kwa kutumika, na kwamba kijana anayelipiwa kila anachokitamani hatajua thamani ya chochote. Ana hoja nyingine pia, na hiyo ndiyo inayoniuma, kwa kuwa ina ukweli ndani yake. Binti yetu amekwisha kuanza mambo mawili na kuyaacha. Alipokuwa na miaka 11 aliomba kujifunza karate. Tukalipa ada, tukanunua sare, akapanda ngazi hadi mkanda wa rangi ya chungwa, kisha siku moja akasema haendi tena. Mkanda ule mpaka leo umekunjwa ndani ya droo yake, juu ya soksi. Alipofika miaka 13 akataka kuogelea. Huko alidumu miezi saba, akiupenda mchezo wenyewe kiasi kwamba nywele zake zilinukia dawa ya bwawa wiki nzima, halafu akaacha ghafla. Nilipomuuliza sababu alisema amechoka. Baba yake anazo hesabu za yote mawili kichwani, na huzitaja.

Kwa upande mwingine yupo kaka yake. Tulimlipia klabu ya mpira wa miguu kwa miaka minne, pamoja na viatu, jezi na nauli za mechi za ugenini, na hakuna aliyemuuliza siku ya kwanza kama atafika mwisho. Binti alilisema hilo mezani, tena bila kupandisha sauti: "Kaka mlimlipia kwa sababu anacheza mpira. Mimi nataka kuwa na mwili wenye nguvu tu. Kwa hiyo wangu si mchezo?" Baba yake akajibu kwamba mpira ni kipaji, na kipaji kinaweza kumfikisha mtu mahali. Mimi sikujua niseme nini, nikaanza kuondoa vyombo.

Kuhusu uwezo, sisi si matajiri wala hatuhangaiki. Ada ya mwezi ya ukumbi ule ni karibu theluthi moja ya akiba tunayoweka kila mwezi kwa ajili ya masomo ya watoto. Tukiilipa hatutalala njaa, lakini tutaisikia.

Tangu alipokataliwa, binti huamka alfajiri na kukimbia peke yake. Kiatu chake cha kushoto soli imeanza kuachia kwa mbele, naye kila akirudi huibandika kwa gundi na kukigandamiza chini ya kamusi hadi jioni. Mume wangu anaiona hiyo kuwa ushahidi wa maneno yake. Mimi naona mengine pia. Mara mbili nimemkuta mbele ya kioo, ameivuta fulana kwa nyuma kwa mkono mmoja ili imbane, akijitazama kwa upande. Na siku hizi huacha karibu nusu ya chakula cha jioni. Sijui kama nina sababu ya kuogopa, au ni mambo ya umri wake.

Sasa nilieleze lililonifanya nishike kalamu. Wiki tatu zilizopita nilimlipia ada ya mwezi mmoja kutoka kwenye fedha zangu, nikamwambia asimwambie baba yake. Akitoka nyumbani husema anakwenda kujisomea kwa rafiki. Aliponishukuru alinikumbatia kwa muda mrefu, jambo ambalo hajalifanya tangu akiwa mdogo. Lakini jana, baba yake alipomuuliza anakokwenda, alinitazama mimi kwanza kabla ya kumjibu, na mtazamo ule umenikaa moyoni hadi sasa.

Mwezi niliolipia unakwisha wiki ijayo. Je, kumlipia kijana mazoezi ni wajibu wa mzazi, au mume wangu ndiye aliye sahihi na mimi ninamdekeza mtoto? Nakuomba unisaidie kufikiri.

Mama Aliye Katikati

JIBU

Dada yangu mpendwa,

Asante kwa barua yako, na hasa kwa namna ulivyomwandika mume wako. Wengi wakishakwaruzana na wenzi wao humleta mwenzi kwangu akiwa nusu ya alivyo. Wewe umemleta mzima, na kwa sababu hiyo tunaweza kuzungumza.

Umeniuliza kama kulipa ni wajibu. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimeona swali la ada likiwa limebebeshwa maswali mengine. Baba anauliza kama binti anaaminika. Binti anauliza kama anahesabiwa sawa na kaka yake. Wewe unauliza, kwa sauti ya chini, kama mtoto wako yu salama mbele ya kile kioo, na kama umekosea kuficha. Ada ingelipwa leo kwa mwaka mzima, maswali hayo yote bado yangekuwa yamekaa mezani penu.

Nianze na neno la mume wako, kwa sababu lina uzito. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza kwamba watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wapate kwa wastani dakika 60 kwa siku za shughuli zinazouchangamsha mwili na kuupandisha pumzi, na kwamba angalau siku 3 kwa wiki ziwemo shughuli za nguvu zaidi, pamoja na zile zinazoimarisha misuli na mifupa. Hakuna mahali mwongozo huo unapodai risiti. Kukimbia kunahesabika, kuruka kamba kunahesabika, kupanda ngazi kwa kasi, kucheza dansi chumbani na kupiga pushapu sakafuni vyote vinahesabika. Kwa hiyo baba anaposema kwamba mwili hujengwa kwa kutumika, anasema jambo ambalo daktari yeyote angelikubali.

Hata hivyo mwongozo huohuo unataja misuli na mifupa kwa jina, na hapo ndipo kauli ya binti yako kuhusu mwili wenye nguvu inapostahili kusikilizwa upya. Sehemu kubwa sana ya uimara wa mifupa ambao mtu atautegemea maisha yake yote hujengwa kabla hajamaliza ujana wake, na miaka ya balehe ndiyo miaka ya ujenzi huo. Mbio zinasaidia mifupa ya miguu na nyonga, lakini mgongo, mabega na mikono huhitaji kazi yao wenyewe. Kazi hiyo inaweza kufanyika nyumbani bila malipo, ila anahitaji mtu wa kumfundisha namna ya kuifanya. Ipo pia takwimu ambayo ningependa mume wako aijue. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya uchunguzi uliotumia takwimu za hadi mwaka 2016 kuhusu wanafunzi wa miaka 11 hadi 17 duniani, nayo yalionyesha kwamba asilimia 81 hawafikishi kiwango kinachopendekezwa, na kwamba wasichana wako nyuma zaidi, asilimia 85 kwa asilimia 78 za wavulana. Katika umri ambao wasichana wengi wanauacha mwili ukae tu, wa kwenu amekuja na karatasi mkononi akiomba kuutumia. Ombi hilo lingepaswa kuonwa kwanza, na bei yake baadaye.

Tena, dada yangu, sina hakika kwamba kukimbia hakuna kiingilio. Soli inayobandikwa kwa gundi kila siku ni kiingilio. Alfajiri ya giza ambamo msichana wa miaka 15 anakimbia peke yake ni kiingilio pia, na sidhani kama mume wako amekitia kwenye hesabu. Sisemi hivi ili ushinde hoja. Nasema kwa sababu njia isiyolipiwa ikichukuliwa kwa uzito nayo ina mahitaji yake, na mzazi anayeipendekeza anaweza kuombwa, kwa upole, asaidie kuyatimiza.

Sasa tuje kwenye tuhuma kwamba binti yenu hamalizi anachokianza. Naomba uichunguze tena pamoja nami, kwa sababu naona wewe mwenyewe umeikubali haraka. Mkanda wa chungwa hautolewi kwa kuhudhuria tu. Aliufanyia mitihani, akafaulu. Miezi saba ya kuogelea kwa furaha si kidogo kwa mtoto wa miaka 13. Mwaka 2016 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishauri kwamba watoto wasibanwe kwenye mchezo mmoja pekee mpaka wafike angalau miaka 15 au 16, wakiwa wamekwisha kuonja michezo mbalimbali, kwa sababu kubanwa mapema huongeza majeraha ya kurudiarudia na kuchokeshwa na mchezo. Kwa kipimo hicho, kile mnachokiita kuachaacha kinaweza kuwa kutafuta tu, na huenda sasa, akiwa na miaka 15, ndipo anakaribia kupata.

Lakini hilo la kuogelea limenifanya nisimame. Mtoto aliyekuwa akiupenda mchezo ameuacha ghafla, na sababu aliyoitoa ni neno moja, amechoka. Miaka 13 ni umri ambao mwili wa msichana unabadilika mbele ya macho ya watu, na hakuna mchezo unaouweka mwili huo wazi kama kuogelea. Inawezekana hedhi ilimkuta bila maandalizi. Inawezekana mtu alisema neno kuhusu umbo lake kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Inawezekana pia kwamba mtu mzima alimtendea au kumwambia jambo lisilofaa, na hilo mzazi hana budi kulifahamu. Na inawezekana kabisa kwamba alichoka tu. Mimi sijui, wala wewe hujui, na baba yake, anayekihesabu kisa kile kama hasara, hajui pia. Tafuta wakati mkiwa mnafanya kazi fulani bega kwa bega, mikono ikiwa na shughuli na macho hayalazimiki kukutana, umuulize, "Kule kuogelea, ilikuwaje hasa?" Kisha unyamaze. Akijibu kwa neno moja tena, mwache, utamuuliza siku nyingine. Anachohitaji kujua ni kwamba swali hilo haliulizwi ili adaiwe fedha.

Kuhusu kaka yake nitakuwa mfupi, kwa sababu binti amekwisha kulisema vizuri kuliko nitakavyoweza mimi. Hukuniambia kama kijana bado anacheza mpira, na najiuliza kama miaka ile minne imemfikisha mahali baba yake alipokuwa akipataja. Kama haikumfikisha, je, mnaijutia? Nadhani hamuijutii. Nadhani mkimtazama leo mnaona mwili wenye afya, marafiki wa kweli, na kijana aliyejifunza kushindwa bila kuanguka. Basi hayo ndiyo mliyokuwa mkiyalipia, ingawa mliyaita kipaji. Wazazi hawalazimiki kutumia kiasi kilekile kwa kila mtoto, maana mahitaji hayafanani, lakini watoto wana jicho kali la kutambua kipimo kinapobadilishwa. Swali la binti yako mezani bado halijajibiwa. Uliondoa vyombo, na ninaelewa kwa nini, ila yeye bado anasubiri.

Turudi kwenye neno wajibu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 31, unatambua haki ya mtoto ya kupumzika, kucheza na kushiriki burudani zinazoufaa umri wake. Haumtaji mzazi kuwa mlipaji wa ukumbi wowote. Mimi hulielewa hivi: kuhakikisha kwamba mtoto anaweza kuutumia mwili wake kwa usalama kunaingia katika malezi, kama afya na elimu zinavyoingia. Lakini sura ya mazoezi hayo, iwe ya kulipiwa au la, ukumbi huu au ule, ni jambo la kukaa chini na kupatana kwa kadiri ya mfuko wa nyumba. Mzazi anayesema hawezi kulipa hajamnyima mtoto haki. Tofauti kubwa, kwa mtoto, iko kati ya kuambiwa "hatuwezi" na kuambiwa "hustahili", na nina wasiwasi kwamba binti yenu amesikia la pili wakati baba yake alidhani anasema la kwanza.

Hapa kwenye kioo na sahani naomba twende taratibu. Kujitazama kwa upande mbele ya kioo katika miaka 15 ni jambo la kawaida, na peke yake lisingenisumbua. Kinachonifanya nikuombe uwe macho ni kwamba anakimbia zaidi na anakula kidogo kwa wakati mmoja. Kwa kawaida kijana anayekua akiongeza mazoezi, njaa nayo huongezeka. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki mwaka 2014 iliipa jina hali ya mwili wa mwanamichezo kukosa nishati ya kutosha kwa sababu ulaji haulingani na kazi, na madhara yake hugusa hedhi, mifupa, moyo, kinga ya mwili na hata hali ya moyo wake kihisia. Kwa hiyo angalia kama hedhi yake imekoma au imevurugika, kama anapata kizunguzungu, kama anajipima uzito mara kwa mara, kama anakwenda msalani kila baada ya kula, au kama anahamaki kupita kiasi anapoikosa siku moja ya mazoezi. Ukiona dalili kama hizo, mpeleke kwa daktari kabla ya kuwaza ada yoyote. Usipoziona, bado zungumza naye, lakini jihadhari na maneno kuhusu umbo, hata yale ya sifa. "Umepungua vizuri" ni sentensi iliyowaingiza wasichana wengi shimoni.

Wala usidhani kwamba kumnyima ukumbi kunamwondoa mbele ya kioo. Anakimbia hata hivyo. Ukumbi wenye mwalimu mwenye busara unaweza kumfundisha kufurahia kile mwili wake unachoweza kufanya, kile alichoshindwa kukinyanyua mwezi uliopita na leo anakinyanyua. Ukumbi mbaya unaweza kumwonyesha kila siku picha za miili ya "kabla" na "baada", na kumuuzia unga wa protini na vidonge asivyovihitaji. Ndiyo maana ningependa mmoja wenu, na ikiwezekana baba yake, akautembelee ukumbi wenyewe saa zile ambazo binti huenda. Ulizeni umri wa chini wa kujiunga, nani anawasimamia walio chini ya miaka 18, na kama mwalimu humwanzishia kijana na uzito mwepesi hadi mkao wake uwe sahihi. Wapo wanaoogopa kwamba kunyanyua vyuma hudumaza mtoto. Hofu hiyo haina msingi pale mazoezi yanapofuata umri na kusimamiwa vizuri. Hatari iko kwenye vyuma vizito visivyo na msimamizi.

Zipo njia kadhaa mbele yenu, na kila moja ina mwiba wake. Mnaweza kulipa ada yote. Binti atajisikia ameaminiwa, lakini akiba ya masomo itapungua kila mwezi, na akiacha tena, baba atakuwa na hesabu ya tatu ya kutaja. Ikiwa hii ndiyo mtakayoielekea, lipeni mwezi kwa mwezi, kwa kipindi mlichokubaliana tangu mwanzo, tuseme miezi mitatu, na msivutwe na punguzo la mkataba wa mwaka, kwa maana kumbi nyingi hunufaika na watu waliolipa na kuacha kuja. Tena mkubaliane mapema kwamba kipindi kikiisha anaweza kusema "hapana" bila kulaumiwa.

Mnaweza kumwomba achangie. Wazo hili huwapendeza akina baba wengi, na lina mantiki, mradi binti awe na mahali halali pa kupata mchango huo, na uwe wa kadiri asilazimike kuacha masomo ili aupate. Mchango mdogo kutoka mfukoni mwake unaweza kumfanya ajione mwenye jambo lake. Ila tafadhali msiugeuze ukumbi kuwa zawadi ya alama nzuri darasani. Kuna jaribio mashuhuri la mwaka 1973, la Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett, ambamo watoto wadogo waliokuwa wakipenda kuchora waliahidiwa tuzo kwa kuchora, na baadaye, tuzo zilipoondoka, hamu yao ya kuchora ilikuwa imepungua kuliko ya wenzao ambao hawakuahidiwa kitu. Binti yenu tayari anataka kufanya mazoezi kwa hiari yake, na hamu hiyo inaweza kuharibiwa. Zaidi ya hayo, muhula atakaofanya vibaya kwenye mitihani ndio muhula ambao mwili na akili yake vitauhitaji zaidi mtoko huo.

Mnaweza pia kushika njia ya baba yake, lakini kwa dhati: viatu vizima, njia yenye watu na mwanga, saa isiyo ya giza, ratiba ya mazoezi ya nguvu ya kufanyia nyumbani, labda timu ya shule isiyodai ada. Mwiba wa njia hii ni kwamba, ikitolewa peke yake baada ya miezi minne ya ukimya, binti anaweza kuiona kuwa kukataliwa mara ya pili kwa maneno mazuri zaidi. Tena rafiki zake hawatakuwapo, na katika umri huu rafiki ndiye humwamsha mtu siku anayojisikia uvivu. Sijui kama mume wako bado ana miguu ya kukimbia. Kama anayo, ningependa kusikia atajibu nini akiombwa aongozane naye hata siku moja kwa wiki.

Nimeliacha jambo la siri hadi hapa kwa sababu ndilo nyeti kuliko yote. Ulilipa kwa upendo, na yale makumbatio marefu yalikuwa ya kweli. Lakini mtazamo wa jana umekwisha kukuambia kile ambacho mimi ningekuambia. Binti amejifunza kwamba ili apate kitu kwa baba yake lazima apite nyuma yake, na sasa kila anapotoka analazimika kukuangalia wewe ili ajue aseme uongo upi. Lipo pia jambo la usalama lililo wazi. Kwa saa zile, baba yake anaamini yuko kwa rafiki. Akiumia mgongo au akizimia, mtu atakayepigiwa simu na asikupate wewe atampata baba ambaye hajui hata kwamba ukumbi huo unahusika.

Unaweza kuuacha mwezi ukwishe kimya na kujifanya halikutokea. Gharama yake ni kwamba utakuwa unamwomba mtoto wa miaka 15 akutunzie siri dhidi ya baba yake kwa miaka. Unaweza kumweleza mume wako, na gharama yake ni hasira yake, ambayo nakubali inaweza kuwa kubwa, na inaweza kumwangukia binti. Ukichagua kusema, sema mkiwa wawili, na mwondoe mtoto kwenye kosa tangu sentensi ya kwanza: "Nililipa bila kukuambia, nami ndiye niliyemwambia anyamaze." Na usiku huohuo usimwombe ada ya mwezi ujao. Akisikia yote mawili kwa pamoja, atadhani kukiri kwako kulikuwa ngazi ya kufikia ombi. Acha zipite siku kadhaa, hata kama mwezi utakuwa umekwisha na binti akakosa ukumbi kwa wiki moja au mbili. Mwambie binti pia kabla hujazungumza na baba yake, ili asishtukizwe.

Kuna jambo moja katika barua yako lililonipa tumaini, nalo umeliandika kama la kupita tu. Ulisema baba yake aliisoma ile karatasi yote kabla ya kuikunja. Asiyejali hasomi mpaka chini. Muulize binti kama bado anayo, na kama anayo, siku mtakayokaa watatu iwekwe mezani ikiwa wazi, baba aulize maswali yake juu ya kila mstari, na binti ayajibu mwenyewe bila wewe kumjibia. Huenda mkatoka hapo na ukumbi, huenda mkatoka na ratiba ya nyumbani, huenda mkatoka na kitu ambacho mimi sijakifikiria.

Viatu vile havina haja ya kusubiri kikao hicho. Kesho alfajiri atatoka navyo tena.

Wako katika safu hii,
Mshauri